Boila ya kuni: jinsi ya kupanga mfumo salama wa maji ya moto yanayozunguka bila pampu

Katika maeneo ya baridi kama Limuru, Nyandarua, Njombe, Makete na Lushoto, nyumba nyingi, shule za bweni, nyumba za wageni na vituo vya afya hupata maji ya moto kutoka kwenye boila ya kuni. Ni jiko lenye tumbo la maji ndani yake, au mabomba yanayopita karibu na moto, lililounganishwa na tangi la kuhifadhi maji ya moto. Maji huzunguka yenyewe, bila umeme wala pampu.

Mfumo huu ukipangwa vizuri hudumu miaka mingi na huokoa gharama za umeme. Ukipangwa vibaya unaweza kuunguza mtoto, kuijaza nyumba moshi wenye sumu, au kupasuka. Ukurasa huu unaeleza unavyofanya kazi, mambo ya kumwuliza fundi kabla hajaanza kuchimba ukuta, na la kufanya mambo yakienda kombo.

Mambo muhimu kwa ufupi

• Njia kutoka kwenye boila hadi hewani iwe wazi wakati wote. Isiwekwe koki yoyote katikati.
• Usiwashe moto kama tangi la juu halina maji.
• Boila iliyokauka huku moto unawaka isitiwe maji. Acha ipoe kabisa kwanza.
• Moshi wote utoke nje kwa dohani. Usilale chumba kimoja na jiko la kuni au la mkaa linalowaka.
• Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Panga njia ya kuyapooza kabla hayajafika bafuni.

Maji yanazungukaje bila pampu?

Maji yakipata moto hutanuka na kuwa mepesi. Lita moja ya maji ya nyuzi 80 za Selsiasi ina uzito mdogo kuliko lita moja ya maji ya nyuzi 60. Maji mepesi hupanda kutoka kwenye boila kwa bomba la juu na kuingia kwenye silinda, yaani tangi la maji ya moto. Maji yaliyopoa, ambayo ni mazito zaidi, hushuka kwa bomba la chini na kurudi kwenye boila. Moto ukiendelea kuwaka, mzunguko nao unaendelea.

Nguvu inayosukuma mzunguko huu ni ndogo sana. Kati ya maji ya nyuzi 80 yanayopanda na ya nyuzi 60 yanayoshuka, kila mita 1 ya kimo hutoa msukumo sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 11 tu. Kona moja kali, bomba jembamba au sehemu iliyobonyea na kushika hewa inatosha kuusimamisha mzunguko. Ukisimama, maji yaliyo ndani ya boila huchemka huku silinda ikiwa bado baridi.

Kwa hiyo hakikisha mambo haya:

• Silinda iwe juu ya boila. Sehemu yake ya chini iwe juu kuliko mdomo wa juu wa boila.
• Silinda iwe karibu na boila. Kila mita ya ziada ya bomba hupunguza mzunguko na kupoteza joto.
• Mabomba mawili kati ya boila na silinda yawe na kipenyo cha inchi 1 au zaidi.
• Bomba la kupeleka maji ya moto lipande mfululizo, lisishuke hata kidogo njiani. Bomba la kurudisha lishuke mfululizo.
• Kona ziwe chache na za mviringo.

Kwa nini boila hupasuka?

Maji hayakubali kubanwa. Ukipasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 80, yanaongezeka kwa zaidi ya lita 5, na lita hizo lazima zipate pa kwenda. Yakichemka na kuwa mvuke, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Chombo cha chuma kilichofungwa pande zote hakiwezi kuhimili msukumo huo, na kikipasuka hurusha vipande vya chuma, makaa na maji yanayochemka kwa wakati mmoja.

Jiko la kuni lina tofauti moja kubwa na hita ya umeme: huwezi kulizima kwa swichi. Hata ukiacha kutia kuni, makaa yaliyobaki yataendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Ndiyo maana mfumo wa kuni unahitaji njia ya kupumua isiyotegemea umeme, koki wala kumbukumbu ya mtu.

Kuna sababu nne za kawaida za ajali.

Ya kwanza ni koki iliyofungwa. Fundi huweka koki kati ya boila na silinda ili kurahisisha matengenezo. Siku moja mtu anaifunga na kusahau.

Ya pili ni pampu ya kuongeza msukumo au valvu ya kuzuia maji kurudi. Wengi huziweka ili bafu litoe maji kwa nguvu. Zikifungwa kwenye bomba linaloingiza maji baridi bila mpango mzuri, maji yaliyotanuka hayawezi tena kurudi kwenye tangi la juu. Mfumo uliokuwa wazi unakuwa umefungwa bila mwenye nyumba kujua.

Ya tatu ni tabaka gumu jeupe, kama lile linaloganda ndani ya birika. Mahali penye maji magumu, tabaka hilo huziba mabomba ya boila kidogo kidogo hadi nafasi ya kupita inakwisha.

Ya nne, na ndiyo ya kuangaliwa zaidi katika miji yetu, ni mgao wa maji.

Maji yakikatika

Fikiria mfuatano huu. Maji ya bomba yamekatika tangu asubuhi. Tangi la juu linakauka jioni. Mtu anawasha boila kama kawaida, na maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke na kutoka. Tumbo la boila linabaki tupu juu ya moto, na chuma kinakuwa chekundu. Usiku maji yanarudi na kumiminika kwenye chuma hicho. Yanageuka mvuke papo hapo, kwa kasi ambayo bomba lolote la nyumbani haliwezi kuutoa.

Mpangilio mzuri wa mabomba hupunguza hatari hii:

• Bomba la maji baridi linalokwenda kwenye silinda liwe lake peke yake. Usiruhusu fundi alichanganye na bomba la jikoni au la choo. Likichanganywa, mtu akifungua bomba la jikoni tangi likiwa tupu, maji ya silinda yanaweza kurudi nyuma na kutoka hapo.
• Maji ya moto yachukuliwe juu ya silinda, na maji baridi yaingie chini. Hapo silinda hubaki imejaa hata bomba la bafuni likiacha kutoa maji.
• Tangi la juu linalolisha silinda liwe na ujazo usiopungua ule wa silinda, na liwe na alama ya kuonyesha maji yamebaki kiasi gani, inayoonekana ukiwa chini.

Hata hivyo, kanuni ya kwanza haibadiliki: bila maji, hakuna moto.

Bomba la kupumulia

Hili ndilo bomba linalookoa maisha. Linaanzia sehemu ya juu kabisa ya mfumo wa maji ya moto, linapanda mfululizo, na kuishia hewani juu ya tangi la maji baridi. Maji yakizidi au yakichemka, hutokea hapo.

Mweleze fundi kwamba unataka haya:

• Lisiwe jembamba kuliko robo tatu ya inchi. Inchi 1 ni bora.
• Lipande angalau sentimita 45 juu ya usawa wa maji ya tangi, kisha liiname na kuelekea ndani ya tangi.
• Lisizibwe kwa kifuniko, kitambaa wala koki. Watu huliziba wakiona linadondosha maji. Kudondosha ni dalili ya tatizo, na kuziba ni kuficha dalili.
• Liwe la shaba au chuma. Mabomba ya plastiki, hata yale meupe au ya kijani yanayouzwa kwa ajili ya maji ya moto, hulainika yakipitisha maji yanayochemka. Usiyatumie kati ya boila na silinda wala kwenye bomba la kupumulia.

Ongeza valvu ya usalama karibu na boila. Bomba lake la kutolea maji lielekezwe chini, nje, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Valvu hii ni msaidizi wa bomba la kupumulia. Haichukui nafasi yake, kwa sababu inaweza kuganda kwa kutu ikikaa miaka bila kuguswa.

Angalia pia tangi lenyewe. Maji yanayochemka yakimwagika kwa saa nyingi kwenye tangi la plastiki, tangi hulegea na linaweza kuanguka. Nchini Uingereza watu wamewahi kufa baada ya tangi la darini kupata joto namna hiyo na kuporomoka juu ya chumba cha kulala. Tangi likae juu ya mbao au zege linaloshika kitako chake chote, na kama inawezekana lisiwe juu ya kitanda cha mtu.

Moshi na sumu isiyoonekana

Kuni na mkaa visipoungua vizuri hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na mwili hukosa hewa hata kama unapumua. Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakipata dalili hizi pamoja, na nafuu ikaja wakitoka nje, shuku gesi hii kabla ya kushuku malaria au chakula.

Mahali pazuri pa boila ni nje ya nyumba ya kulala, kwenye kibanda chenye paa na pande zilizo wazi. Ikibidi iwe ndani, dohani ipande moja kwa moja hadi juu ya kilele cha paa, chumba kiwe na tundu la kudumu la kuingiza hewa, na pawe na king'ora cha monoksidi ya kaboni.

Dohani ya bati hupata moto wa kuweza kuwasha mbao za dari. Kanuni inayotumika Uingereza kwa bomba la moshi lenye ukuta mmoja ni kuliweka mbali na kitu kinachoweza kuungua kwa umbali usiopungua mara 3 ya kipenyo chake. Kwa bomba la sentimita 15, huo ni umbali wa sentimita 45. Zoea la kupitisha bomba katikati ya pau mbili na kuziba nafasi kwa magunia au mbao limeunguza nyumba.

Choma kuni kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na kuacha lami ndani ya dohani, na lami hiyo yenyewe huweza kushika moto. Zipange chini ya paa, hewa ipite, kwa miezi sita au zaidi. Usichome plastiki, matairi wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Maji ya moto kiasi gani?

Boila ya kuni haijui kusimama kwenye nyuzi 60. Moto ukiwa mkali, silinda inaweza kufika 80 na kuendelea. Kumbuka pia kwamba nyanda za juu maji huchemka mapema. Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usisubiri 100 ndipo uone hatari.

Kwenye nyuzi 60, ngozi ya mtu mzima hupata jeraha kubwa kwa takriban sekunde 5. Kwenye 70, ni kama sekunde 1. Ngozi ya mtoto mdogo na ya mzee ni nyembamba, hivyo huungua haraka zaidi.

Hata hivyo usijaribu kuweka silinda nzima ikiwa vuguvugu. Maji yanayokaa kati ya nyuzi 20 na 45 huweza kuotesha bakteria wa Lejionela, ambao husababisha homa kali ya mapafu mtu akivuta mvuke wa bafu. Wagonjwa, wazee na wavutaji sigara wako kwenye hatari zaidi. Njia nzuri ni kuhifadhi maji kwenye nyuzi 60 au zaidi, kisha kuweka valvu ya kuchanganya inayopooza maji hadi nyuzi 48 au chini kabla hayajafika bafuni.

Kama huna valvu hiyo, fuata desturi hii: kwenye beseni tangulia maji baridi, kisha ongeza ya moto, koroga, na pima kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto.

Ukubwa wa mfumo

Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji joto sawa na uniti 7.3 za umeme. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban uniti 4. Kama jiko linapeleka kati ya theluthi moja na nusu ya joto hilo kwenye maji, utatumia kilo 4 hadi 5.5. Ukitumia zaidi sana ya hapo, angalia kuni mbichi, silinda isiyofunikwa, au mabomba marefu.

Usinunue boila kubwa kwa silinda ndogo. Moto mkubwa ukipasha maji machache, kuchemka ni suala la muda tu. Joto la ziada lazima liwe na mahali pa kwenda.

Kama unaishi Ulaya na jiko lako linapasha pia redieta za vyumbani, kanuni ni hiyo hiyo. Pampu husimama umeme ukikatika, lakini moto hausimami. Kwa hiyo angalau redieta moja ya juu huunganishwa bila koki ili ipokee joto kwa mzunguko wa asili. Kwa Uingereza, tafuta fundi aliyesajiliwa na HETAS.

Nani anawasha moto?

Katika shule na nyumba za wageni, mara nyingi ni mlinzi au mpishi anayewasha saa kumi usiku, peke yake, gizani. Yeye ndiye anayepaswa kuujua mfumo kuliko mtu yeyote. Mfundishe, mpe tochi, na mpe ruhusa ya kukataa kuwasha bila kulaumiwa kwamba watu wameoga maji baridi. Bandika ukutani:

1. Angalia tangi la juu. Lina maji?
2. Fungua bomba la maji ya moto lililo karibu. Maji yanatoka kwa mkondo thabiti?
3. Angalia bomba la kupumulia. Liko wazi?
4. Angalia kama kuna uvujaji chini ya boila.
5. Jibu moja likiwa baya, usiwashe.

Kila mwezi safisha masizi kwenye dohani. Kila mwaka fundi afungue boila, aondoe tabaka gumu, na ajaribu valvu ya usalama.

Dalili za hatari

Ukisikia boila ikigonga au kunguruma, ukiona mvuke kwenye bomba la kupumulia, au bomba la bafuni likitema mvuke:

• Acha kutia kuni na funga mlango wa hewa wa jiko.
• Ondoa watoto na watu wote karibu.
• Kama tangi la juu lina maji, fungua mabomba ya maji ya moto yaliyo mbali na boila ili joto litoke. Jihadhari na mvuke.
• Usimwage maji ndani ya jiko wala kwenye boila.
• Kama tangi halina maji, au hujui, usiguse chochote. Ondoka na usubiri ipoe.
• Kukiwa na moto, piga simu zimamoto: Tanzania 114, Kenya 999 au 112.

Mtu akiungua

Mwondoe kwenye maji au mvuke. Vua nguo, pete na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi. Mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mkinge asipate baridi sehemu nyingine za mwili. Kisha funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula au kitambaa safi kisicho na nyuzi.

Usipake dawa ya meno, siagi, yai, unga, majivu wala mafuta. Usitumie barafu. Usipasue malengelenge.

Nenda hospitali mara moja kama aliyeungua ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake. Kama liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo. Au kama ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haina maumivu.

Mtu mwenye dalili za sumu ya moshi mtoe nje kwenye hewa safi na mpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu. Asirudi ndani hadi jiko lizimwe na chanzo kijulikane.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwombe achore mfumo wote kwenye karatasi. Weka kidole kwenye boila na ufuate bomba hadi hewani juu ya tangi. Ukikuta koki, valvu, au sehemu inayoshuka kabla ya kufika, mwambie abadilishe mchoro kwanza. Kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu. Mchoro ukikamilika, utunze karibu na boila, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake.